Orodha Niliyoiandika Migori

Odero aliponipigia simu kuniambia kwamba Profesa Rabare amefariki, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa woga. Huzuni ilikuja baadaye. Nilijikuta nimekaa wima kwenye kiti cha jikoni, miguu pamoja, kama mtu aliyeitwa ofisini akaambiwa asubiri. Nina miaka sitini na minane, nimestaafu, na hakuna ofisi yoyote inayoweza kuniita tena. "Tumempoteza mkuu wetu, dada," Odero alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Yule mzee alitukinga sote." Nikasema ndiyo, alitukinga. Odero atasoma sura hii pamoja na watu wengine, na hapo ndipo atakapojua alikingwa dhidi ya nini, na dhidi ya nani.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na miaka thelathini na miwili na nilikuwa nimefundisha chuo kikuu kwa miezi kumi na mmoja tu. Mkuu wa Idara ya Kiswahili aliondolewa kwa barua ya mistari mitatu. Asubuhi ilikuwa kwenye ubao wa matangazo, mchana alikuwa amebeba vitabu vyake kwenye maboksi. Jumatatu iliyofuata niliitwa na Profesa Rabare, mkuu wa Kitivo cha Elimu. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, mwenye sauti ya chini mno, hata ukalazimika kuinama kumsikia, na ukiinama tayari umeshajiona mdogo. Alikuwa akisafisha miwani yake. "Daktari Mghoi," akasema, "utashika idara." Nikauliza kwa muda gani. "Mpaka utakapoambiwa." Nikauliza kwa nini mimi, mgeni kuliko wote. Akavaa miwani, akanitazama. "Umetoka Taita. Huku huna mjomba wala shangazi. Ukikosea, hakuna atakayesema umempendelea mtu." Hakutabasamu. Nilitoka mle ofisini nikiwa kaimu mkuu wa idara.

Kazi yenyewe niliijua haraka. Mkuu wa idara ndiye anayepanga nani afundishe nini na saa ngapi, ndiye anayetia sahihi fomu za likizo, ndiye anayesoma mitihani kabla haijachapishwa, na zaidi ya yote ndiye anayejua nani amekuja kazini na nani ametuma udhuru. Mkuu wa kitivo hajui mambo hayo, anaambiwa. Tulikuwa wakuu wa idara saba kwenye ile meza yake ndefu, na kila mmoja alimletea habari za watu wake, naye akazipeleka juu, kwenye jengo tuliloliita jumba kuu. Nilidhani cheo chake kilikuwa cha kutuamuru. Leo naona kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kusimama mlangoni kati ya waliokuwa ndani na waliokuwa nje, na kuamua nini kipite. Lakini wakati ule nilichokiona ni mtu anayeweza kuniandikia mistari mitatu.

Muhula wa tatu kitivo kizima kilihamia Homa Bay kwa mazoezi ya ualimu, ambayo wanafunzi waliyaita tipii. Wanafunzi wetu walitawanywa katika shule za sekondari, kuanzia kando ya ziwa hadi Awendo, Migori na huko Ogwedhi, na sisi tulipaswa kuwazungukia, kukaa nyuma ya darasa na kuwatathmini. Idara nyingine zilipangishiwa nyumba mjini. Idara yangu, pamoja na Profesa mwenyewe, iliwekwa katika nyumba ndefu ya wageni mteremkoni, yenye paa la mabati na sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikateleza. Kuta za vyumba hazikufika kwenye dari. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ubao mwembamba uliopakwa rangi ya maziwa, na ningeweza kumsikia akifungua ukurasa wa gazeti. Kwa siku za kwanza nilikuwa nikikohoa ndani ya mto. Mpishi wetu alikuwa Mama Apiyo, mjane mwenye mikono minene aliyepika samaki wa ngege kwa nyanya nyingi, dagaa wa omena kila Jumatatu, na ugali wa mtama mweusi kama udongo. Siku ya kwanza alinikuta nahangaika na samaki. "Madam, wacha hiyo uma," aliniambia. "Samaki inataka mkono. Uma itakudanganya, utameza mwiba." Tangu siku hiyo nilikula kwa mkono, na ilikuwa raha yangu pekee mwaka ule.

Mezani tulikuwa sita. Profesa alikaa kichwani, nami kulia kwake. Halafu Odero, kijana wa fasihi aliyeongea kwa mikono yote miwili, na mzee Wekesa, aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na hakupenda maneno. Pembeni alikaa dereva. Aliyebaki alikuwa Kerubo, mwalimu wa sarufi, mjamzito wa miezi sita, aliyekuwa mtu wa kwanza kunikaribisha chuoni. Ndiye aliyenionyesha mahali pa kununua mboga, na ndiye aliyenifundisha namna ya kumjibu karani mkali wa mitihani. Nilimpenda. Naandika hivyo mapema ili isije ikaonekana nilimwonea kinyongo.

Mgomo ulipoanza, ulitufikia kwa redio ya Mama Apiyo tukiwa tunanywa chai. Wahadhiri walitaka chama chao kitambuliwe, na wakubwa walikuwa wamekataa. Odero alisukuma kikombe. "Kuanzia leo mimi siendi kumkagua mtu," akasema, akimtazama Profesa moja kwa moja. Mzee Wekesa, ambaye hatukumtarajia, akasema, "Wala mimi." Profesa alimaliza kutafuna, akafuta mdomo, akaenda chumbani kwake. Baadaye Kerubo alinifuata uani nilikokuwa naanika nguo. "Sisi watatu tumeweka chaki chini," akaniambia. "Wewe uko wapi?"

"Mimi nakaimu, Kerubo."

"Hilo si jibu."

"Najua."

Alinisaidia kubana shati kwenye kamba, akaenda zake. Hakunilaumu.

Wiki moja baadaye walikuja wanaume wawili kwa gari jeupe. Walivaa suti, na mmoja alikuwa na sauti ya upole sana. Nilikuwa chumbani nikipitia maandalio ya masomo. Mama Apiyo akawapelekea chai na mandazi chumbani kwa Profesa, mlango ukafungwa, nami nikabaki nimeshika karatasi ambayo sikuigeuza kwa muda wote waliokuwa humo.

"Wakuu wa idara wako ni wangapi, Profesa?" aliuliza yule mpole.

"Saba."

"Basi tunataka orodha saba. Majina tu ya wasiofanya kazi. Maelezo hatuhitaji."

"Na idara isipokuwa na majina?"

Yule mtu alicheka kidogo. "Profesa, mkuu wa kitivo asiyewajua watu wake, kile kiti anakikalia kwa nini?" Kijiko kiligonga kikombe. Kisha akasema, "Yule mama wa Kiswahili. Bado yuko kwenye majaribio, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na nyumba anayokaa ni ya chuo."

"Ndiyo."

"Basi huyo hatakusumbua."

Nimesikia watu wakisema woga ni baridi. Wangu ulikuwa joto, ulipanda kutoka tumboni hadi masikioni, na nilihisi haja ndogo kama mtoto, lakini sikuthubutu kusimama kwa sababu kitanda kingelia. Walipoondoka nilimkuta Mama Apiyo akizitazama sahani tupu kwa hasira. "Wamemaliza mandazi yote," akasema, "na hakuna mtu ameuliza nani amepika. Mtu kama huyo mimi naogopa. Madam, wanatafuta nani?" Nikamwambia walikuwa wageni wa Profesa tu.

Asubuhi yake Profesa aliweka karatasi kando ya sahani yangu. Ilikuwa memo fupi: nilete orodha ya walimu wa idara yangu wasiotekeleza majukumu yao, kabla ya Ijumaa. Wale watatu walikuwa palepale mezani wakinywa uji. Niliikunja haraka. Nilipomfuata barazani nikamwuliza kitakachotokea nisipoileta, alitazama ziwa. "Nitaulizwa. Nami nitajibu kwamba niliomba kwako kwa maandishi, na hukuleta." Aliyasema hayo kwa sauti yake ileile ya chini. Halafu akaongeza, "Kesho nakwenda nawe Ogwedhi. Jiandae saa kumi na mbili."

Hilo lilinitisha kuliko memo. Mkuu wa kitivo haendi kukagua wanafunzi. Hiyo ni kazi ya idara, na Ogwedhi ilikuwa zamu ya Odero. Tulipita Rongo. Awendo tulikwama nyuma ya malori ya miwa, na nilipogeuka kutazama kama dereva anaweza kurudi nyuma, niliona gari jeupe, magari mawili nyuma yetu. Profesa pia aliliona, kwenye kioo cha dereva. Akavua miwani, akaisafisha, akaivaa. Yalipofunguka malori, lile gari liliingia kituo cha mafuta likabaki. Mpaka leo sijui kama lilikuwa lile lile.

Ogwedhi ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe walipita nyuma ya shule kwa mamia, na binti tuliyemkuta akifundisha ngeli kidato cha pili alilazimika kupaza sauti juu ya milio yao. Profesa alikaa nyuma kabisa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigusa mbao, akiandika. Somo lilipoisha alimwita binti yule nje. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Mkaguzi alikuja hapa mara ya mwisho lini?" Binti akanitazama mimi, kisha viatu vyake. "Wiki tatu zilizopita, Profesa. Mwalimu Odero." Profesa akaandika. Alikagua wengine wawili siku hiyo, na kila mmoja alimwuliza swali lile, na kila jibu aliliandika. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Alikuwa anakusanya ushahidi. Orodha yangu, nikiitoa, ingethibitisha tu anachokijua. Nisipoitoa, angekuwa na jina la nne.

Tulifika Migori mvua ikianza, tukapewa vyumba katika nyumba ya kulala wageni karibu na barabara kuu. Bado ilikuwa saa tisa. Kulikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cha plastiki, dirisha lenye nondo, na chini yake wanawake waliokuwa wakikimbiza magunia ya mahindi yasilowe. Nilikaa pale nikajiambia mambo mengi. Nikajiambia kwamba majina yale yanajulikana na kila mtu. Nikajiambia kwamba Odero mwenyewe amejitangaza mbele ya mkuu wa kitivo. Nikajiambia kwamba kuandika kitu cha kweli si kosa, kwamba mimi ni kaimu tu, kwamba nikiondolewa atawekwa mtu mbaya zaidi atakayeandika majina hayo matatu na kuongeza uongo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa sababu. Sababu ilikuwa ile sauti ya upole ikisema huyo hatakusumbua. Nikachukua karatasi ya fomu, nikaandika majina matatu nyuma yake, nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika cheo changu.

Nilimkabidhi Profesa karatasi ile kwenye chumba cha kulia, wakati wa chai. Aliisoma polepole kuliko ilivyohitajika.

"Umeandika kwa mkono," akasema.

"Hapa hakuna taipureta."

"Ndiyo." Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Kesho asubuhi tuanzie Awendo. Kuna wanafunzi watano pale."

Siku kumi zilizofuata ndizo ninazozikumbuka mwili wangu ukikumbuka pamoja nami. Tulirudi Homa Bay. Kila asubuhi Profesa aliondoka na dereva na kurudi jioni, koti limejaa vumbi, na mimi nikaendelea na zamu zangu kando ya ziwa. Mezani Odero alikuwa amepungua maneno. "Nasikia orodha zimeanza kufika jumba kuu," aliniambia siku moja. "Idara yetu imetoa?" Nilikuwa na kipande cha ngege mkononi. "Sijui," nikasema. Kerubo alinisogezea bakuli la mboga. Alikuwa ameanza kuvimba miguu, na alikula ameiinua juu ya kigoda cha Mama Apiyo. Alfajiri, kupitia ule ubao, nilianza kumsikia Profesa akitapika kwenye beseni. Alijaribu kufanya kwa siri. Alifungulia redio kwanza. Kisha alisukutua mdomo, na baada ya dakika chache angetokea sebuleni amefunga tai, amenyooka, akasema "Hamjambo" kwa sauti ile ile. Nilimsikia hivyo asubuhi nne. Sikujua kwamba mtu wa cheo chake anaweza kuogopa, na kujua hivyo hakukunituliza hata kidogo. Ikiwa yeye anatapika, nilifikiri, mimi nifanyeje?

Wale wawili walirudi Jumatano, kabla ya chakula cha mchana. Safari hii hawakupewa mandazi. Mama Apiyo aliapa yameisha. Nilikaa kitandani mahali palepale.

"Tumesubiri orodha ya Kiswahili, Profesa," alisema yule mpole.

"Kazi katika kitivo changu inaendelea," Profesa akajibu. Nikasikia kitu kizito kikiwekwa mezani. "Hizi ni fomu za tathmini. Kila mwanafunzi wa idara hii amekaguliwa, kuanzia Ogwedhi hadi ziwani. Someni."

Karatasi zikageuzwa. "Hii ni sahihi yako."

"Mimi ni mwalimu wa kitivo hiki."

"Na hii. Na hii pia." Karatasi zikagonga meza. "Sisi tuliomba majina."

"Niliomba kwa mkuu wa idara, kwa maandishi. Hakuwa na majina ya kunipa."

Niliweka mkono kinywani. Karatasi yangu ilikuwa mle ndani ya chumba, umbali wa ubao mmoja, ndani ya koti lake. Yule mtu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Umefikiri vizuri, Profesa?" na Profesa akasema, "Hapana. Lakini hilo ndilo jibu langu."

Barua yake ilikuja baada ya siku nane. Mistari mitatu. Alikuwa amerudishwa kuwa mwalimu wa kawaida, na baadaye mwaka ule akaondoka chuoni kabisa. Asubuhi ya kufungasha alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa bila tai, mara ya kwanza kumwona hivyo. Akanyoosha karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe zake zimechakaa.

"Hii ni yako, Daktari."

Niliipokea kwa mikono yote miwili, kama zawadi. Akaliona hilo.

"Usinifanye mtu mkubwa," akasema. "Nilikuomba kwa maandishi ili nami niwe salama. Na nilitembea nayo siku zote hizo nikijua naweza kuitoa. Siku ile mbele yao nilikuwa nimeshaingiza mkono ndani ya koti." Akavua miwani. "Sijui kwa nini niliutoa mtupu. Ukipewa kiti hiki siku moja, usidhani utajua mapema."

Akaenda kumuaga Mama Apiyo, ambaye alimwita jaduong', mzee, na kulia bila kujificha.

Mgomo uliisha kama inavyoisha mingi, bila mshindi wa wazi. Katika vitivo vingine watu walifukuzwa, na niliporudi chuoni niliona vitanda na masufuria ya wenzetu yametupwa kwenye nyasi mbele ya nyumba walizokuwa wakikaa. Katika idara yangu hakuna aliyeguswa. Kule Homa Bay, wiki ya mwisho, niliichoma ile karatasi kwenye jiko la Mama Apiyo, na nilipoona imegeuka majivu nikatambua kwamba sasa hakuna mtu atakayejua isipokuwa nikisema. Wazo hilo lilipaswa kunipa nafuu. Badala yake niliogopa upya, woga wa namna nyingine, kwamba nitaishi hivi na nitazoea.

Nilimkuta Kerubo peke yake mezani, akila mchana, miguu juu ya kigoda. Nikakaa mbele yake nikamweleza yote, ubao, Ogwedhi, meza ya Migori, majina nyuma ya fomu. Nilipomaliza alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo lake, na ule mwingine bado una mafuta ya samaki.

"Jina langu uliliandika la ngapi?" akauliza.

Sikutegemea swali hilo. "La kwanza."

"Kabla ya Odero? Odero ndiye aliyeanza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimesema sijui mara nyingi mwezi ule. "Kwa sababu nilihitaji kuanza na mtu," nikamwambia, "na nilijua wewe hutanifokea."

Akashusha miguu yake, moja baada ya nyingine, akachukua sahani yake, akaenda kumalizia chakula jikoni pamoja na Mama Apiyo. Hakumwambia mtu, hata Odero. Mwaka uliofuata mkuu mpya wa kitivo alinithibitisha, na nikawa mkuu wa idara wa Kerubo kwa miaka tisa. Tulifanya kazi vizuri. Alinionyesha picha za mtoto wake, tulitunga mitihani pamoja, tulicheka hata. Lakini kila karatasi niliyompa, iwe ratiba, iwe fomu ya likizo, iwe kadi ya kumtakia heri, aliisoma mpaka mwisho akiwa amesimama mbele yangu, akaigeuza kutazama nyuma, ndipo akaipokea.